Mwanafunzi Arudipo Ngumbo: Kumfundisha Mtoto Kusoma ni Sehemu ya Tiba

Zipo nyumba kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa ambamo msomaji wa familia si baba wala mama, bali ni mtoto. Bahasha ya dawa itokayo zahanati, kadi ya kliniki ya mdogo wake, barua ya shule inayotangaza siku ya kingatiba ya kichocho na minyoo, ujumbe wa simu wa mjomba aliyeko Songea: yote hayo hupita mikononi mwa mwanafunzi wa darasa la nne au la tano. Bibi huketi barazani, humwita mjukuu, na humwambia, "Njoo unisomee." Atakachokitamka mtoto ndicho kitakachofuatwa.

Chukulia kwamba bahasha hiyo ni ya dawa ya mseto ya malaria, na mgonjwa ni mtoto wa miaka miwili. Mhudumu ameeleza kwa mdomo, kisha ameandika, kwamba dozi ya pili itolewe baada ya saa nane tangu ile ya kwanza, na dozi zinazobaki zitolewe asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mjukuu anayatambua maneno "saa nane", kwa kuwa ni mafupi na huyasikia kila siku. Neno "baada" linamkwaza, naye analiruka. Bibi anaelewa kwamba dawa inywewe saa nane. Ikiwa dozi ya kwanza ilitolewa saa nne asubuhi, mgonjwa atapewa ya pili mapema mno; ilimpasa kusubiri hadi saa kumi na mbili jioni. Ikiwa ya kwanza ilitolewa saa kumi jioni, basi ya pili ama itachelewa usiku ama itasubiri hadi saa nane mchana wa kesho yake. Hapa hakuna aliyezembea. Mhudumu aliandika sawasawa, bibi alitii, na mtoto alisoma kadiri alivyofundishwa.

Mfano huu ni mdogo, lakini unatosha kuonyesha kwa nini chuo kikuu cha tiba hakiwezi kuliachia suala la watoto wasiojua kusoma liwe la walimu peke yao. Dawa husafiri kutoka bohari hadi hospitali, kutoka hospitali hadi zahanati, na kutoka zahanati hadi nyumbani. Hatua ya mwisho ya safari hiyo ni jicho la msomaji. Jicho hilo likishindwa, gharama yote iliyotangulia huwa hatarini. Ndiyo maana wazo la wanafunzi wa vyuo kujitolea kuwafundisha watoto kusoma linastahili kujadiliwa katika kurasa za jarida la afya, na linastahili kujadiliwa kwa uwazi, kwa sababu kujitolea nako kuna namna inayofaa na namna isiyofaa.

Ngumbo ni kata iliyomo katika Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Hadi mwaka 2012, wilaya hiyo ilipoanzishwa, mwambao wote huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Makao makuu ya wilaya yako Mbamba Bay, na hospitali ya misheni inayofahamika zaidi katika mwambao huo iko Liuli. Watu wanaishi kwa uvuvi, muhogo na mpunga. Mtoto anayetoka shule mchana ana kazi inayomngoja: kuanika dagaa, kuchota maji, kumbeba mdogo wake, kumsaidia mzazi shambani. Nyumbani huzungumza Kimpoto au lugha nyingine ya mwambao. Shuleni hukutana na Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Kwa mtoto wa miaka saba, kazi ni mbili kwa wakati mmoja: kujifunza herufi, na kujifunza lugha ambayo herufi hizo zinaiandika.

Ugumu huo si wa Ngumbo pekee. Tathmini ya kitaifa ya stadi za kusoma iliyofanyika mwaka 2013 ilionyesha kwamba ni takriban wanafunzi 8 kati ya 100 wa darasa la pili walioweza kusoma na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa. Kabla ya hapo, wapimaji wa mpango wa Uwezo, ambao wengi wao walikuwa watu wa kujitolea waliopita nyumba kwa nyumba, walikwisha kubaini kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ili uweke mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Mwaka uliofuata ada na michango ya lazima iliondolewa shuleni, na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wakaandikishwa kwa wingi. Lakini darasa lililojaa lina gharama yake. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti, hata kama ana bidii ya siafu. Na kusoma ni stadi ambayo haikomai mpaka mtu mwingine akusikilize, akusahihishe, akungoje.

Hapo ndipo mwanafunzi wa chuo anapoonekana kuwa jibu. Ana uwezo wa kusoma, ana likizo, na ana moyo wa ujana. Mawazo ya watu wengi hukimbilia haraka kwenye picha moja: basi la chuo linawasili kijijini likiwa na vijana hamsini waliovaa fulana za rangi moja, wanagawa madaftari, wanaimba na watoto, wanafundisha silabi kwa siku mbili, wanapiga picha, wanaondoka. Hakuna ubaya katika furaha ya siku hizo mbili. Ubaya uko katika kuziita ufundishaji. Mtoto ambaye Ijumaa hakuweza kutofautisha "ba" na "da", Jumatatu bado hawezi, na sasa amepata ushahidi mpya kwamba hata wasomi wa mjini wameshindwa kumsaidia.

Mwambao wa Nyasa una kumbukumbu ndefu ya misaada inayokuja na kuondoka. Mwaka 1901 ilianza safari zake meli ya misheni ya UMCA iliyopewa jina la Chauncy Maples, askofu aliyezama katika ziwa hilohilo mwaka 1895. Meli hiyo ilikusudiwa kuwa kanisa, hospitali na shule kwa pamoja, na ilivihudumia vituo vya misheni vilivyotawanyika kandokando ya ziwa. Watu waliipenda na kuingoja. Hata hivyo, meli hutia nanga na kung'oa nanga. Aliyekuwapo kijijini siku ambazo meli haikuwapo, akiwashika watoto mikono wachore herufi mchangani, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, mwenyeji aliyefundishwa kwanza yeye kisha akarudi kuwafundisha wenzake. Elimu ya mwambao ilishikiliwa na watu hao kuliko na chombo chochote kilichoelea majini.

Kampeni kubwa za baada ya uhuru zilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake wa hapohapo kijijini, na kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi ili kisomwe hata na waliotoka kujifunza kusoma karibuni. Watu walisoma kuhusu malaria, kichocho na magonjwa ya kuhara, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Kampeni hiyo iliweza kutegemea kijitabu kwa sababu ilikuja pamoja na jitihada za elimu ya watu wazima, ambazo ziliishusha idadi ya wasiojua kusoma na kuandika kutoka takriban theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10, kwa takwimu za serikali za mwaka 1986. Kizazi kile kiliufahamu ukweli ambao siku hizi unasahaulika kwa urahisi: bango la afya halimfai asiyeweza kulisoma.

Kutokana na historia hiyo, hoja inayopaswa kutolewa ni moja. Mwalimu wa kujitolea anayemfaa zaidi mtoto wa Ngumbo si mgeni wa siku mbili. Ni mwanafunzi wa chuo aliyezaliwa Ngumbo, arudipo nyumbani kwa likizo. Na kazi ya chuo si kukodi basi, bali ni kumwandaa mwanafunzi huyo kabla hajapanda basi lake mwenyewe.

Sababu ya kwanza ni muda. Likizo ndefu ya vyuo vikuu vingi nchini huangukia kati ya Julai na Oktoba, wakati ambapo shule za msingi, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, zinaendelea na masomo. Kijana aliyeko nyumbani kwa wiki nane au kumi anaweza kukutana na kikundi kilekile cha watoto mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila mara. Hiyo ni mikutano ishirini na minne au zaidi. Anajua majina yao, anajua nani jana hakuja na kwa nini, anajua nyumba ya kuulizia.

Sababu ya pili ni lugha. Mtoto anapokwama kwenye neno la Kiswahili asilolijua maana, mgeni atalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Mwenyeji atalieleza kwa lugha ya nyumbani, kisha atamrudisha mtoto kwenye Kiswahili. Daraja hilo dogo, linalovukwa mara mia katika mwezi, ndilo linalomfanya mtoto atambue kwamba maandishi ni maneno ya watu, yenye maana, na si kelele za darasani. Mtoto aliyefika hapo halirukii neno "baada". Anajua kwamba limewekwa kwa sababu.

Sababu ya tatu ni macho ya watoto wenyewe. Anayemfundisha ni mtoto wa mvuvi wa jirani, aliyesomea madawati yaleyale, aliyeanika dagaa kwenye ufukwe uleule. Hakuna hotuba kuhusu umuhimu wa elimu inayoweza kushindana na kumwona mtu huyo ameketi chini ya mwembe na kitabu mkononi. Kwa binti wa darasa la sita ambaye nyumbani wameanza kunong'ona kuhusu mchumba, kumwona dada wa kijijini mwake anayesomea uuguzi au udaktari ni habari kubwa kuliko iliyomo kitabuni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili mgeni na mwenyeji ni mtu mmoja. Alikwenda mbali akajifunza, na sasa amerudi.

Haitoshi, hata hivyo, kumwambia kijana arudi akafundishe. Kujua kusoma si kujua kufundisha kusoma. Katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, watafiti walifuatilia mpango ambao vijana wa vijijini, baada ya mafunzo ya siku chache tu, waliendesha madarasa ya kusoma nje ya saa za shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yana mafunzo mawili. La kwanza linatia moyo: watoto wasiojua kusoma waliohudhuria walipiga hatua ya wazi. La pili linaonya: waliohudhuria walikuwa chini ya mtoto mmoja kati ya kumi. Mbinu ilifanya kazi, lakini watoto wengi waliohitaji hawakuwapo. Maana yake ni kwamba darasa la kujitolea lisilofungamana na shule, lisilojulikana kwa wazazi, na lisilozingatia kazi za nyumbani za mtoto, litahudhuriwa na watoto ambao tayari wanaweza, na litawakosa wale ambao kwa ajili yao lilianzishwa.

Kwa hiyo mpango wa Ngumbo, au wa kata nyingine yoyote, hauna budi kuanza kwa mwalimu mkuu na serikali ya kijiji. Mwalimu wa darasa ndiye anayejua ni watoto gani wa darasa la tatu na la nne ambao bado hawasomi; yeye ndiye awataje. Wazazi waitwe, waelezwe, waridhie, na wao ndio waseme saa ipi inafaa, kwa kuwa saa inayofaa msimu wa mavuno si ile inayofaa siku ambazo dagaa ni wengi. Mahali pawe pa wazi: baraza la shule, kivuli cha mti uwanjani, pasiwe chumbani kwa mtu. Wafundishaji wawe wawili au zaidi kwa pamoja, na mtoto asibaki peke yake na mtu mzima baada ya wenzake kuondoka. Taratibu hizi si dalili ya kutoaminiana. Ndizo zinazoifanya imani ya wazazi iwe na msingi, na wanafunzi wa tiba, wanaofundishwa kutomchunguza mtoto bila mlezi wake kuwapo, wanapaswa kuzielewa haraka kuliko wengine.

Mbinu yenyewe ni nyepesi. Kila mtoto asikilizwe peke yake kwa dakika chache: je, anatambua herufi, anasoma silabi, anasoma maneno, anasoma aya fupi, anasoma hadithi na kueleza kilichotokea? Kisha watoto wapangwe kwa kiwango walichofikia, bila kujali darasa wala umri, katika vikundi vya watoto sita au saba. Kila siku wasome kwa sauti, wacheze na maneno, waandike sentensi yao wenyewe, na wasomewe hadithi inayowachekesha. Kila baada ya wiki mbili wasikilizwe tena, na anayevuka apandishwe. Orodha ya matokeo iwe ya mwalimu wa darasa tangu siku ya kwanza, ili mwanafunzi aondokapo, mwalimu asianze upya.

Hapa wanafunzi wa tiba wanapaswa kuonywa juu ya kishawishi kimoja. Watataka kila somo liwe somo la afya: nawa mikono, lala ndani ya chandarua, usioge ziwani. Makala fupi kuhusu kichocho zina nafasi yake, hasa kwenye mwambao ambao ugonjwa huo umeuzoea, na mtoto anayeweza kusoma maelekezo ya kuchanganya dawa ya kuzuia upungufu wa maji mwilini ni msaada mkubwa nyumbani kwake. Lakini mtoto hujifunza kusoma kwa kutaka kujua Sungura atamfanyia nini Fisi. Akishapata tamaa hiyo, atasoma na bahasha ya dawa. Akianzishiwa bahasha, huenda asifike kwenye lolote.

Kuna hata hivyo jambo ambalo mwanafunzi wa tiba analileta na ambalo wengine hawana. Amefundishwa kutazama. Mtoto anayeitwa mvivu kwa sababu hunakili vibaya ubaoni huenda haoni ubao. Anayeitwa mkaidi kwa sababu haitiki huenda sikio lake limekuwa likitoka usaha kwa mwaka mzima. Anayesinzia kila mchana huenda ana upungufu wa damu, au amekuja bila kula. Kikundi cha watoto saba kinaruhusu mambo haya yaonekane. Mwanafunzi huyo hapaswi kujifanya daktari kabla ya wakati wake, wala kugawa dawa chini ya mwembe. Kazi yake ni kumjulisha mwalimu na mzazi, na kuwaelekeza zahanati. Lakini kuona mapema kwamba tatizo la kusoma ni tatizo la macho kunaweza kubadili maisha yote ya mtoto, na hilo ni tendo la kitabibu hata kama limefanywa na mtu aliyeshika kitabu cha hadithi.

Wataalamu wa afya kujishughulisha na vitabu vya watoto si jambo geni duniani. Mwaka 1989, katika hospitali ya umma ya jiji la Boston nchini Marekani, madaktari wa watoto walianzisha mpango wa Reach Out and Read: mtoto akija kliniki, mzazi hupewa kitabu cha kwenda nacho nyumbani na huelekezwa namna ya kumsomea. Mpango huo ulienea katika kliniki nyingi nchini humo, kwa sababu madaktari walitambua kwamba kliniki ndiyo mahali ambapo karibu kila mama hufika na mtoto wake kabla shule haijamjua. Mwambao wa Nyasa una kliniki za watoto kila mwezi. Kilichopungua ni vitabu.

Zitatolewa pingamizi, na zisikilizwe. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi wa chuo naye ni maskini. Mkopo umekwisha, nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi Songea, Mbinga, Mbamba Bay na kwingineko ni mzigo, na nyumbani anasubiriwa ashike jembe au nyavu. Ni kweli. Ndiyo maana haifai kumwomba siku nzima. Aombwe saa nne na nusu kwa wiki. Na ndiyo maana chuo kisiite kujitolea kile ambacho kwa hakika ni kumtoza kijana. Nauli ya kurudi nyumbani, sanduku la vitabu, chaki na mafunzo ya siku tatu kabla ya kufunga chuo si gharama kubwa kwa taasisi, ilhali kwa mwanafunzi mmoja ni gharama isiyobebeka.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Inasemwa kwamba vijana wa kujitolea wataipa serikali kisingizio cha kutoajiri walimu. Historia ya nchi inaipa hoja hiyo uzito. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa madarasani kufundisha huku wakijifunza ualimu kazini. Bila wao milango ya shule isingefunguliwa kwa watoto wengi. Lakini ubora wa elimu uliumia, na jeraha hilo lilichukua muda mrefu kupona. Funzo lake ni kwamba anayejitolea asishike darasa la mwalimu. Asimame pembeni mwa shule, baada ya saa za masomo, akifanya kile ambacho mwalimu wa watoto themanini hawezi kukifanya: kumsikiliza mmoja mmoja. Na taarifa yake, ikiandikwa vizuri, itakuwa ushahidi wa kudai walimu zaidi, kwa kuwa itaonyesha kwa majina na hesabu kile kinachotokea mtoto anaposikilizwa.

Pingamizi ya tatu hutoka kwa wale wanaopenda vijana wapelekwe mbali na kwao. Kenya, kupitia mpango wa G-United ulioanza mwaka 2014, iliwapeleka wahitimu wa vyuo vikuu kuwasaidia watoto kusoma katika maeneo yasiyo ya nyumbani kwao, kwa lengo la kujenga pia umoja wa taifa. Lengo hilo ni jema, na nchi ambayo iliwahi kugawanywa na siasa za ukabila ina sababu ya kulifuata. Wahitimu hao, hata hivyo, walikuwa na muda mrefu wa kuishi na wenyeji wao. Mwanafunzi wa Tanzania mwenye wiki nane hana muda wa kujifunza Kimpoto. Anayeweza kutumia wiki hizo zote nane ni yule ambaye haanzi kwa kutafuta pa kulala.

Linabaki swali la Septemba, wakati kijana anapofunga begi kurudi chuoni. Kama kila kitu kinaondoka naye, basi lilikuwa tu basi la fulana lililotembea polepole. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza awe na msaidizi atakayebaki: aliyemaliza kidato cha nne na yuko kijijini, mama kijana anayependa vitabu, au mwanafunzi hodari wa darasa la saba atakayekuwapo nyumbani akishamaliza mtihani. Mwezi wa kwanza msaidizi atazame. Mwezi wa pili afundishe naye akitazamwa. Sanduku la vitabu libaki shuleni kwa sahihi ya mwalimu. Likizo ijayo, kijana akirudi, atawakuta watoto wakiwa mbele ya pale alipowaacha, au atajua mapema ni nini kilichoharibika. Kujitolea kupimwe kwa kipimo hicho, na kisipimwe kwa idadi ya picha.

Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula; asiporudi, amewasaliti. Mfano huo umekuwa ukitumiwa kuwalaumu wasomi. Ungefaa zaidi kutumiwa kuviuliza vyuo: je, vimemwandalia njia ya kurudi? Mafunzo ya tiba nchini yalianza Dar es Salaam mwaka 1963 na yameongezeka tangu wakati huo, na mafunzo ya vitendo katika jamii ni sehemu ya kawaida ya masomo hayo. Chuo ambacho tayari kinampa mwanafunzi alama kwa kuhesabu vyoo vya kijiji kinaweza kumpa alama kwa kumfikisha mtoto mmoja kutoka kwenye silabi hadi kwenye aya.

Hatua ya kwanza haihitaji kamati kubwa. Kabla ya kufunga chuo mwezi Julai, ofisi ya mshauri wa wanafunzi iwaombe wanafunzi waandike kata wanazorudi na lugha wanazozungumza nyumbani. Orodha hiyo itaonyesha nani anakwenda Ngumbo, nani Liuli, nani Lituhi, nani Mbamba Bay. Wapewe siku tatu za mafunzo pamoja na walimu wazoefu wa madarasa ya awali, barua ya utambulisho kwa mwalimu mkuu, na sanduku moja la vitabu kwa kila kata. Mwezi Oktoba waulizwe jambo moja tu: ni watoto wangapi ambao Julai hawakuweza kusoma aya fupi, na sasa wanaweza. Hata kama jibu la Ngumbo litakuwa watoto watano, hizo ni nyumba tano ambamo bibi akiuliza bahasha inasemaje, mjukuu atamsomea mstari wote, pamoja na neno "baada".